Daladala za Pongwe: asubuhi zinafika, jioni zinaishia Kange

Kwa majuma matatu nimepanda daladala kati ya Pongwe na katikati ya Jiji la Tanga, asubuhi na jioni, na ninaandika tathmini hii kwa sababu wengi wa abiria wake hawana njia nyingine ya kufika kazini, sokoni Ngamiani au Hospitali ya Bombo.

Asubuhi sina la kulalamikia. Magari hufuatana kwa karibu, na makonda huwasubiri wazee washuke bila kuwaharakisha. Shida huanza jioni. Mara nne, gari lililoandikwa Pongwe lilikatisha ruti Kange, konda akitutaka tushuke kwa kuwa abiria tuliobaki hatukutosha kulipia mafuta, ilhali nauli zetu alikuwa ameshazipokea. Wengine tulimalizia safari kwa bodaboda, kwa fedha iliyozidi nauli yenyewe. Mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni aliamua kutembea gizani, na hilo liliniuma kuliko yote.

Kila panapozungumzwa upanuzi wa usafiri mjini, wengi hudai ruti mpya. Mimi naona ruti mpya isitangulie kabla ya ile iliyopo kufika mwisho wake, tangu gari la kwanza hadi la mwisho, kwa maana mtu huamua mahali pa kujenga na shule ya kumwandikisha mtoto akitegemea gari la kurudi, si la kwenda tu. Dar es Salaam, mwendokasi ulianza mwaka 2016 kwa njia kuu ya Kimara hadi Kivukoni pamoja na matawi ya Gerezani na Morocco, takribani kilomita 21, ndipo njia ya Mbagala ikafuata. Reli yetu nayo, inayopita Pongwe hiyo hiyo, ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikafika Muheza mwaka 1896 na Korogwe mwaka 1902, na treni zilikuwa zikifika Muheza kabla ya kipande kilichofuata kukamilika.

Tanga haihitaji barabara maalumu za mabasi kwa sasa. Wamiliki wakipangiana zamu ya magari mawili ya mwisho kila jioni, hasara ya viti vitupu haitamwangukia mmoja peke yake, na ruti itakuwa imerefuka bila kuongezwa gari hata moja.

Mchana naipa huduma hii nyota nne kati ya tano. Baada ya magharibi, moja. Anayekwenda kupita Kange saa hizo amuulize konda kabla ya kutoa nauli.