HiAce ya kulala inayotangatanga: ununue nini kwanza, na nini uache dukani

Kati ya Mombo na Same kuna vipande vya barabara vilivyonyooka ambako upepo unakuja ubavuni na mabasi ya Arusha hayapunguzi mwendo. Basi likikukaribia, HiAce inasukumwa pembeni. Likishapita, inavutwa kurudi. Mikono haitulii: kushoto kidogo, kulia kidogo, kama mtu anayekoroga uji. Ukiendesha hivyo saa mbili, unashuka na mabega ya mpagazi.

Yangu ni HiAce ya toleo lile lililoanza 2004, bodi ya kawaida, niliyoitia kitanda, jiko, tangi la maji na boksi la juu. Upana wake ni milimita 1,695 na kimo chake 1,980, kwa hiyo imepanda juu kuliko ilivyotanuka, na hakuna spea itakayoigeuza kuwa Prado. Lakini kuyumba kule kulipungua sana, na kulipungua kwa vitu vya bei ndogo baada ya mimi kumaliza pesa kwenye vya bei kubwa. Orodha hii inafuata faida utakayoipata kwa kila shilingi.

1. Tairi za mzigo, na upepo wake

Tairi sahihi ya gari hili ni 195/80R15 yenye namba 107/105 ubavuni, au 195R15 yenye herufi C. Namba 107 maana yake tairi moja inabeba kilo 975. Sasa nenda kwenye tairi za mtumba uone unachouziwa: rimu ni ile ile ya 15, lakini ubavuni pameandikwa 91, yaani kilo 615. Hiyo ni tairi ya gari dogo. Inaingia, inazunguka, na gari likishapakiwa ubavu wake unajikunja kila unapogusa usukani. Wewe unakata sasa, gari linafuata baadaye. Huko ndiko kutangatanga kunakoanzia.

Angalia pia tarakimu nne za mwisho kwenye mstari wa DOT, ule unaoanza na herufi hizo ubavuni mwa tairi: zinasema tairi ilitengenezwa lini. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Muuzaji akikwambia "hii mpya kabisa bosi" huku tarakimu zinasema vingine, amini tarakimu.

Na upepo. Mara ya mwisho nilipojaza, kijana wa pampu hakuuliza kitu. Alichomeka mpira, akasikiliza, akachomoa. "Thelathini na tano, bosi, inatosha." Ndiyo namba anayomjazia kila mtu. Fungua mlango wa dereva utazame kibandiko kwenye nguzo: magari ya Japani yanaandika upepo kwa kPa, si kwa psi kama pampu zetu, na hapo ndipo wengi wanapokata tamaa. Gawanya kwa 6.9 upate psi. Kikikwambia 350 kwa tairi za nyuma, hiyo ni kama psi 51, si 35. Nunua geji yako mwenyewe, upime asubuhi kabla tairi hazijapata moto. Katika orodha nzima hii geji ndiyo kitu cha bei ndogo kuliko vyote, na kwangu ilishinda nusu ya vilivyobaki.

2. Kuhamisha mzigo (bure, au gharama ya fundi seremala)

Hapa wengi hawapendi kuambiwa, kwa sababu kitanda kimeshapigwa msumari. Umbali kati ya ekseli mbili za HiAce hii ni milimita 2,570. Ukiweka kilo 100 za maji, gesi na betri kwenye mlango wa nyuma, mita moja nyuma ya ekseli, ekseli ya nyuma haiongezeki kilo 100. Inaongezeka 139, na zile 39 za ziada zimetolewa kwenye tairi za mbele. Ni ule mchezo wa watoto wa bembea ya ubao: aliyekaa mwishoni anamnyanyua wa upande wa pili. Tairi ya mbele iliyonyanyuliwa haishiki barabara, usukani unakuwa mwepesi kama wa kuchezea, na upepo ukija unakuhamisha.

Tangi langu lilihama kutoka mlango wa nyuma likaja nyuma ya kiti cha dereva. Nguo zikaenda nyuma, makopo yakaja mbele. Tangi nalo lijaze au liache tupu, maana la nusu maji yanabembea na gari linabembea nayo. Kama una ghala la mahindi lenye mizani ya magari karibu, waombe wakupimie tairi za mbele peke yake, kisha za nyuma peke yake. Karatasi hiyo itakuambia mengi kuliko fundi yeyote.

3. Tairodi, boljointi na bushi

Reki inageuza mzunguko wa usukani kuwa msukumo wa kushoto na kulia, tairodi ni fimbo inayoupeleka kwenye tairi, boljointi ni kiungo kinachogeuka kila upande, na bushi ni raba inayokaa kati ya vyuma. Usinunue kabla ya kupima. Mwenzako ashike usukani, injini ikiwaka na gari likiwa limekanyaga chini, acheze vidole viwili kushoto, vidole viwili kulia. Wewe lala chini ukiangalia. Ukiona reki imetembea na tairodi au tairi imechelewa hata kidogo, umemkamata mwizi. Kisha piga jeki, weka stendi, shika tairi kwa pembeni utikise: saa tatu na saa tisa (uhesabu Kizungu au Kiswahili, mikono inaangukia pale pale). Ikicheza hapo ni tairodi au steringi reki. Ikicheza juu na chini, boljointi au beringi.

Yangu ilikuwa tairodi moja ya kushoto na bushi zinazoshikilia reki, ambazo zilikuwa zimekuwa kama ubani uliotafunwa. Reki yenyewe ilikuwa nzima, ingawa fundi wa kwanza alikwishanitajia bei ya reki ya mtumba kutoka Dubai. Reki ni kitu cha kununua mwisho kabisa, bushi zake zikishabadilishwa na bado inacheza.

Dukani, Kariakoo ya Dar au Kirinyaga Road ya Nairobi, utasikia "555 orijino" (555 ni chapa ya Kijapani ya spea hizi) kwa bei tatu tofauti kwenye maduka matatu yaliyopakana. Shika mkononi. Boljointi mpya nzuri ni ngumu kuigeuza kwa mkono. Ile inayozunguka yenyewe kama kichwa cha mwanasesere irudishe. Mpira wa vumbi uwe laini, usiwe na mikunjo mikavu. Na fundi akifunga bushi za mikono ya chuma inayoshikilia tairi, nati za mwisho azikaze gari likiwa limekaa chini kwa uzito wake. Akizikaza likiwa juu ya jeki, mpira unafungwa ukiwa umepindika, na baada ya miezi michache umechanika.

4. Alaimenti, lakini baada ya namba 3

Alaimenti ni kupima na kunyoosha mkao wa tairi kwa mashine. Kuilipia wakati tairodi inacheza ni kupima nguo mtu anayekimbia. Nenda na gari likiwa na mzigo wa safari, maji yakiwa ndani. Waambie unataka karatasi ya kabla na ya baada, na uliza kasta, usiridhike na tairi tu kunyooka. Kasta, yaani mlalo wa mhimili ambao tairi ya mbele inageukia, ukitazama gari ubavuni, ndiyo inayorudisha usukani katikati ukishatoka kwenye kona. Ndiyo pia inayomsaidia mtu kuachia mikono kwenye baiskeli, kwa sababu uma wa mbele umelala. Tairi za mbele zikiwa zimefungua pua zake nje hata kidogo, gari litakuwa linarukia kila upande, kwa hiyo ziingie ndani kidogo, kwa kipimo cha mtengenezaji.

5. Shokapu

Shokapu zilizokufa zinaacha gari liendelee kubembea baada ya shimo. Badilisha nne kwa pamoja, au mbili za ekseli moja, kamwe si moja. Gari la kulala kama hili halihitaji za bei ya ajabu. Za kawaida za KYB, chapa ya Kijapani, zinatosha.

6. Stebilaiza ya nyuma

Stebilaiza ni fimbo ya chuma inayounganisha tairi ya kushoto na ya kulia ili bodi lisilale. HiAce nyingi za 2WD (zinazoendeshwa na tairi mbili tu) zina stebilaiza mbele tu. Ya nyuma inauzwa kama seti, hasa kwa kuagiza Japani. Inapunguza kulala kwenye kona na pale basi linapokupita, na kama una boksi la juu, utasikia tofauti. Kwa barabara mbovu sana inakunyima uhuru wa tairi moja kupanda peke yake. Ningeinunua kama pesa ipo.

7. Kuongeza jani la springi

Hapa ndipo pesa yangu ya kwanza ilipoishia. Mkia ulikuwa umekaa, fundi akaongeza majani mawili, mkia ukapanda kama sentimita 5, nikaona gari limependeza. Barabarani likawa baya zaidi. Ukipandisha nyuma sentimita 5 kwenye urefu ule, gari zima linainamia mbele kwa digrii moja hivi, na digrii hiyo inatoka kwenye kasta. Kama mkia umekaa kweli kwa sababu springi zimechoka, rudisha kimo cha asili, si zaidi, kisha rudi alaimenti.

8. Shokapu ya usukani, spesa na tairi pana

Shokapu ya usukani inatuliza mtikisiko wa mikono kwenye mashimo, na kwenye Land Cruiser za ekseli nzima ina kazi yake. Haitibu tairodi iliyolegea. Inaificha mpaka siku itakapochomoka. Spesa, vile vipande vinavyosogeza rimu nje, zinaongeza mzigo kwenye beringi. Tairi pana ukiingia nazo kwenye mifereji iliyochimbwa na malori kati ya Chalinze na Mikumi, zitafuata mfereji, na wewe nyuma yake.