Taa za mtaa wa fremu: ipi inafaa kuchangiwa?

Wafanyabiashara wa mtaa mmoja wakishakubaliana kuchanga, iwe Sinza, Tandika au Mbagala, kitu cha kwanza kununuliwa huwa ni taa. Hapo hawajakosea. Pavingi zitakula mchango wote kabla hazijafika fremu ya tano, lakini taa inaonekana usiku uleule, na mtu anayetoka kazini saa 1 anapata sababu ya kusimama. Kosa liko kwenye taa yenyewe: mara nyingi hununuliwa ile yenye boksi kubwa na namba kubwa. Sokoni Kariakoo kuna aina tatu za kuchagua, na tofauti yake si ndogo.

Ya kwanza ni sola ya kipande kimoja, ile ambayo paneli, betri na taa vimo kwenye ganda moja. Bei yake inavutia na fundi anaifunga kwa nusu saa. Boksi limeandikwa wati 300. Achana na boksi, chukua futi upime paneli. Paneli nzuri hutoa kama wati 200 kwa kila mita 1 ya mraba jua likiwa kali kabisa, kwa hiyo kipande cha sentimita 35 kwa 35 hakifiki wati 25, hata muuzaji aape. Kwa jua la Dar hesabu saa 4 na nusu za jua kamili kwa siku, kisha ondoa robo inayopotea kwenye joto na kuchaji. Unabaki na wati-saa 80 hivi. Usiku wetu ni wa saa 12, uwe Juni au Desemba. Gawanya: hupati hata wati 7 za kuwaka mpaka asubuhi. Hizo 300 zimeandikwa na mpiga chapa.

Ndiyo maana taa hizi hung'aa vizuri saa 1 jioni na kufa saa 5. Wauzaji wanajibu kwamba kuna sensa ya mwendo: taa inafifia, mtu akipita inawaka. Uani kwako inafanya kazi. Kwenye mtaa wa bodaboda, bajaji na wateja haipati nafasi ya kufifia, basi betri inakwisha watu bado wananunua. Kama mmeshazinunua, tumieni rimoti kuziweka kwenye mpangilio wa muda: mwanga kamili kwa saa 4 za kwanza, halafu hafifu mpaka alfajiri.

Betri ndiyo huamua umri wa taa, na huwa imefichwa. Omba ganda lifunguliwe dukani. Seli ikiandikwa 3.2V ni lithiamu ya fosfeti ya chuma, inayovumilia joto na kuchajiwa kila siku kwa miaka kadhaa. Ikiandikwa 3.7V ni ya aina inayochoka haraka, hasa ikikaa nyuma ya paneli inayochomwa na jua la Januari. Muuzaji akikataa kufungua, hilo nalo ni jibu. Halafu kuna kivuli. Kwenye mitaa myembamba ya Kariakoo, katikati ya maghorofa, paneli inaweza isipate jua la moja kwa moja mpaka saa 4 au 5 asubuhi, na saa 9 alasiri limeshaondoka. Hapo sola ya kipande kimoja msinunue kabisa, hata mkipewa punguzo.

Aina ya pili ni taa ya LED inayofungwa usoni mwa kila fremu na kula umeme wa LUKU wa duka hilo. Haina sifa za kujivunia kikaoni, lakini kwa mtaa wenye fremu zilizopangana ndiyo tunayoipa nafasi ya kwanza. Wati 10 zikiwaka saa 12 ni uniti 0.12 kwa usiku, yaani uniti 3.6 kwa mwezi. Kwa bei ya kama shilingi 350 kwa uniti, hiyo haifiki shilingi 1,300. Ifungwe mita 3.5 hadi 4 kutoka chini, moja kila mita 6 hadi 8, ikiinamia njia badala ya kuwapiga watu machoni. Tafuta alama ya IP65 (vumbi na maji ya mvua havipenyi), waya wa milimita za mraba 1.5, na sensa ya mwanga inayowasha na kuzima yenyewe.

Sensa hiyo msiiruke. Taa ikiachiwa swichi ya ndani, mwenye duka anafunga saa 2, anazima, na mtaa unabaki na mapengo kama meno ya mtoto wa miaka saba. Fundi aiunge kwenye sakiti yenye kikata umeme chake, bila kupitia swichi ya duka, na umoja wenu wa wafanyabiashara urudishe pesa ya uniti kwa kila fremu mwisho wa mwezi. Wengine hujaribu kubana kwa kuvusha waya kutoka mita moja kwenda fremu za majengo ya jirani. Msifanye hivyo: ni hatari ya moto, na siku LUKU ya mmoja ikiisha, mtaa mzima uko gizani. Udhaifu wa kweli wa aina hii ni umeme kukatika, ndipo aina ya tatu inapohitajika.

Sola ya vipande, ambayo paneli, betri na taa kila kimoja kiko peke yake juu ya nguzo, ni ya kona, vichochoro na pale bodaboda wanapoegesha. Kwa taa ya wati 20 inayowaka usiku kucha mnahitaji wati-saa 240. Paneli ya wati 80 inazileta, na betri ya 12.8V yenye Ah 40 inabeba usiku 2, kinga ya siku za masika ambazo jua halionekani. Paneli iinamishwe nyuzi 10 hadi 15 kuelekea kaskazini, mvua ipate kuosha vumbi. Nguzo ya mita 5 au 6 ichomelewe Gerezani, isimikwe kwenye shimo la sentimita 60 kwa 60, kina mita 1, zege la 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto). Betri iwe juu, kwenye boksi lenye kufuli. Ikiwekwa chini hamtaikuta. Jirani na bahari tumieni nati za chuma kisichoshika kutu. Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, kwa hiyo msichimbe kwenye hifadhi ya barabara kabla ya kibali, na mwulizeni mjumbe bomba la maji linapita wapi.

Rangi ya mwanga nayo ina hasara zake. Hupimwa kwa K: namba ikipanda mwanga unakuwa mweupe zaidi, ikishuka unakuwa wa njano. Nyeupe ya 6500K ndiyo imejaa madukani, lakini inapotosha rangi ya vitenge na inaita wadudu. Msimu wa kumbikumbi muulize muuza chipsi mayai. Mbele ya nguo chukueni 4000K, mbele ya chakula 3000K.

Kuhusu pesa hatuna mengi. M-Koba, akaunti ya kikundi ya kwenye simu, inatosha kuanzia, kwa sababu hela haitoki kwa idhini ya mtu mmoja. Fremu ya kona ichange zaidi, na wenye meza wachange kidogo kila siku. Linalosahaulika ni umiliki: andikeni kwamba taa ni ya umoja, na mwenye nyumba asaini, la sivyo mpangaji akihama kodi ikiisha anaondoka nayo. Nunueni taa 11 kwa kila 10 mnazofunga, moja iwe ya akiba, daini risiti ya EFD yenye namba ya modeli, na sehemu ya mwisho ya malipo ya fundi ibaki mpaka mvua kubwa ya kwanza ipite bila maji kuonekana ndani ya kioo.