Wati elfu moja mbele, wati sitini nyuma: uzoefu wangu wa kupanga sinema ya sebuleni kwa bajeti ndogo

Mama mkwe wangu alipokuja kutoka Korogwe kukaa nasi miezi miwili, jioni ya kwanza tu aliniuliza swali ambalo mpaka leo limenigharimu shilingi 880,000. Tulikuwa tunatazama tamthilia, nami nikijivunia seti yangu mpya ya sabufa yenye spika tano ndogo, vioo vya madirisha vikitetema kila mlango ulipobamizwa kwenye picha, naye akanigeukia na kusema kwa upole, "Baba Neema, mbona vishindo navisikia lakini wanachozungumza sikisikii?" Nikapandisha sauti. Vishindo vikaongezeka, maneno yakabaki palepale.

Seti ile niliinunua Kariakoo kwa shilingi 230,000, kwenye duka ambalo sitalitaja, na boksi lake lilikuwa limeandikwa kwa herufi kubwa za dhahabu: wati 1000. Usiku ule, watu walipokwisha kulala, niliipindua na kumulika kibandiko cha nyuma kwa tochi ya simu, nikasoma: volti 230, hezi 50, wati 60. Kifaa kinachovuta wati 60 ukutani hakiwezi kutoa wati 1000 mfululizo upande wa pili, kama ambavyo dumu la lita 20 haliwezi kujaza simtanki. Namba ile ya mbele ni ya upimaji wa kilele unaoitwa PMPO, ambao hauna kanuni moja, hivyo kila kiwanda hujiandikia kinachopenda. Namba ya kuulizia dukani ni wati za RMS, yaani nguvu ya mfululizo, na hata hiyo uitazame pamoja na omu ngapi, yaani ukinzani wa spika, na njia ngapi, yaani mikondo ya sauti ya kila spika, zilizokuwa zikifanya kazi wakati wa kupima. Risiva ninayotumia sasa, yaani amplifaya inayopokea sauti ya vifaa vyote na kuigawa kwa spika, hujinadi kwa wati 100 kwa kila njia, na ina njia tano, lakini nyuma yake imeandikwa wati mia mbili na kitu tu. Maana yake wati 100 zile hazikupimwa njia zote zikiwa zimeamka kwa pamoja. Sina ugomvi nayo, na sababu yake ndiyo iliyonibadilisha mawazo kuhusu jambo hili zima.

Nilikuwa nadhani mtu huanza na amplifaya, kisha hutafuta spika za kuitosha. Sasa nasema anza na spika, na ndani ya spika tazama kwanza namba ambayo wauzaji wengi hawaitaji, yaani desibeli ambazo spika hutoa ikilishwa wati moja na kupimwa umbali wa mita moja. Tofauti ya desibeli tatu tu ni nguvu mara mbili: spika ya desibeli 89 iliyolishwa wati 25 hupiga sawasawa na ya desibeli 86 iliyolishwa wati 50. Zangu ni za desibeli 86, si za kujivunia, nami hukaa mita tatu kutoka zilipo. Nikipiga hesabu ya uwanja wa wazi, usio na kuta, wati 10 kwa kila spika hunifikishia kwenye kochi desibeli 86 hivi, na kuta huongeza kidogo juu yake. Majumba ya sinema husawazishwa kwa wastani wa desibeli 85, na vilele vya 105. Kuvifikia vilele hivyo kwa spika zangu ningehitaji wati 700 kwa kila moja, na kabla sijafika huko majirani wangekuwa wamehama. Kwa matumizi ya kila siku sebuleni tunaishi kwenye wati chache sana, kwa hiyo anayelipia wati mia za ziada huku spika zake ni za plastiki, zenye koni isiyozidi kikombe cha chai, amelipia tairi za lori akazifunga kwenye baiskeli.

Bajeti yangu haikuruhusu vitu vipya, nikaingia kwenye mtumba. Jumamosi tatu mfululizo nilizunguka Kariakoo, hasa upande wa Mtaa wa Aggrey na vichochoro vyake, nikiwa na flashi yenye nyimbo ninazozijua vizuri, betri ya rimoti ya volti 1.5 na futi ya fundi. Jumamosi ya kwanza niliona risiva ya Kijapani inang'aa kama imetoka kiwandani jana, kwa shilingi 150,000. Nilikuwa nimeshatoa pochi wakati mzee mmoja fundi, aliyekuwa pembeni akichomea waya, alipoinua macho. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akaniambia, "Mwanangu, geuza nyuma usome. Hiyo ni ya volti mia. Ukiichomeka kwenye ukuta wa kwako umenunua moshi." Ni kweli, umeme wa Japani ni volti 100 na wetu ni 230. Transfoma ya kushusha inaweza kuiokoa, ila nyingi nilizoonyeshwa zilikuwa zinatoa 110, na nzito ya kutosha risiva si ya bei ya karanga. Tangu siku hiyo sisomi bei kabla ya kusoma volti. Wiki iliyofuata nilichukua Yamaha iliyokuja kutoka Uingereza, volti 230, plagi ya miguu mitatu kama yetu, kwa shilingi 320,000. Nilihakikisha kila tundu la HDMI linatoa picha, kwa sababu kwenye risiva za mtumba hapo ndipo ugonjwa hujificha, na nikapandisha sauti taratibu kila njia peke yake nikisikiliza kama kuna kukwaruza.

Kwenye spika za mtumba ndiko nilikojifunza kutumia vidole. Ondoa wavu wa mbele, weka ncha za vidole vitatu kuzunguka kitovu cha koni, isukume ndani polepole na kuiachia. Ikisafiri kimya, ni nzima. Ikikwaruza kama mchanga kwenye sahani, koili imeungua au imepinda, na hapo usishawishiwe na bei. Kisha tazama ukingo wa koni. Ukiwa wa mpira, endelea. Ukiwa wa sponji, ubonyeze kidogo kwa ukucha, maana joto na unyevu wa mji huu huila sponji mpaka inapukutika kama mkate mkavu, na spika nyingi nzuri za zamani zimefia hapo. Betri nayo ina kazi yake: chanya kwenye tundu jekundu, hasi kwenye jeusi, gusa mara moja na uachie, koni inapaswa kuruka mbele. Jozi moja niliyoipenda sana, koni ya kushoto iliruka mbele na ya kulia ikarudi nyuma. Fundi fulani aliwahi kuifungua na kurudisha nyaya kinyume. Spika mbili zikipigana namna hiyo besi hufutika na sauti za watu hukosa mahali pa kukaa, na mwenye nazo anaweza kumaliza mwaka akilaumu amplifaya. Muuzaji aliapa kwamba ndivyo zilivyotengenezwa. Niliaga.

Mwishowe nilipata jozi ya Wharfedale za kuweka juu ya kabati, za omu 6, ukingo wa mpira, maboksi ya mbao yenye mikwaruzo, kwa shilingi 180,000. Omu 6 zilinifaa kwa kuwa risiva imeandikiwa kuziendesha. Spika za omu 4 ningeziogopa kwenye risiva ya bei hii, maana huvuta mkondo mwingi na kuichemsha.

Spika ya katikati ilinichelewesha. Kwenye filamu iliyorekodiwa kwa njia 5.1, yaani spika tano na sabufa moja, sehemu kubwa ya mazungumzo hupitia spika hiyo moja, nami nilikuwa bado sijaipata. Kwa wiki sita niliiambia risiva kwamba haipo, ikagawa maneno kwa kushoto na kulia, na kwa aliyekaa katikati kabisa ya kochi ilisikika kana kwamba mtu anazungumza kutoka kwenye kioo cha runinga. Tatizo ni kwamba mahali hapo ni pa mtu mmoja tu, na nyumbani kwetu huwa pameshakaliwa. Mama mkwe, aliyependa kiti cha pembeni karibu na dirisha, alisikia watu wote wakizungumza kutoka kwenye spika ya kulia. Niliazima spika ya katikati ya kampuni nyingine nikaona ni afadhali kukosa: mtu akitembea kwenye picha kutoka kushoto kwenda kulia, sauti yake ilibadilika njiani kana kwamba amepata mafua na kupona. Nilisubiri mpaka nikapata ya familia ileile ya Wharfedale, kwa shilingi 90,000, nikaiweka chini ya runinga na kuiinamisha kwa kipande cha raba ili twita, kile kispika kidogo cha sauti nyembamba, itazame masikio badala ya magoti. Jioni hiyo niliteremsha sauti chini kuliko tulivyozoea, pangaboi likizunguka, na mama mkwe akacheka mzaha kabla sijaufahamu mimi.

Hapa kwetu neno sabufa limekuwa jina la seti nzima, lakini sabufa yenyewe ni ile spika ya besi peke yake, na niliyonunua ni ya inchi 10 yenye amplifaya yake ndani, shilingi 210,000. Niliiweka kwenye kona kando ya runinga, mahali ambapo kila mtu huiweka, nikapata besi ya noti moja: kila kitu, ngoma, ngurumo, lori, kililia "vuum" ileile. Sebule yetu ina urefu wa mita 4.2, na chumba cha urefu huo hujenga mlio wake wenyewe karibu na hezi 41, ambao kwenye baadhi ya sehemu huvimba na kwenye nyingine hutoweka. Dawa yake inachekesha lakini inafanya kazi. Niliipandisha sabufa juu ya kochi, pale tunapokaa, nikapiga wimbo wenye besi inayotembea, kisha nikapiga magoti na kutambaa kufuata kuta, Neema na mdogo wake wakitambaa nyuma yangu kwa furaha kubwa. Mahali ambapo besi ilisikika sawasawa, kila noti na jina lake, palikuwa kando ya mlango wa koridoo ya jikoni. Ndipo ilipo sasa. Kwenye risiva nimekata kwenye hezi 80, chini ya hapo ni kazi ya sabufa na juu ya hapo ni ya spika nyingine, na Wharfedale zimepumua kwelikweli tangu zilipopunguziwa mzigo huo. Jirani yetu wa ukuta mmoja, mzee mwenye heshima zake, aliniuliza wiki ya kwanza, "Baba Neema, jana mlikuwa na ngoma?" Nimeipunguza, na baada ya saa tatu usiku huizima.

Chumba chenyewe nilikipuuza mno. Kuta za tofali za saruji, marumaru chini, jipsamu juu, madirisha ya aluminiamu: piga kofi moja katikati na utasikia linavyorukaruka. Zulia zito mbele ya kochi na mapazia yanayofika chini viliyasafisha maneno kuliko kitufe chochote kwenye rimoti. Zulia sikulihesabu kwenye bajeti, maana Mama Neema alilitaka tangu zamani na hatimaye alipata hoja.

Nyaya nilinunua duka la vifaa vya umeme, shaba tupu ya milimita 1.5 za mraba, na kwa mita tano sioni haja ya zaidi. Jihadhari tu na zile za aluminiamu zilizopakwa shaba, ambazo ukikwangua kwa wembe hung'aa nyeupe. Pamoja na stendi mbili alizonichongea fundi wa Keko, zilikula shilingi 80,000.

Maikrofoni ya kusawazisha iliyokuja na risiva ilikuwa imepotea zamani, kwa hiyo nilipima umbali kwa futi na kuingiza mwenyewe: kushoto mita 2.9, kulia 3.1, katikati 2.7. Si ushamba, maana kila sentimita 34 ni kama milisekunde moja ya kuchelewa. King'amuzi nimekichomeka moja kwa moja kwenye risiva badala ya kukipitisha kwenye runinga, kwa sababu runinga yangu, kama nyingi za zamani kidogo, hupokea sauti ya njia tano na kuitoa ikiwa njia mbili kupitia tundu la ARC, lile la HDMI linalorudisha sauti ya runinga kwenye risiva. Kosa moja kubwa ni la kwangu mwenyewe: nilikiweka king'amuzi juu ya risiva ili kuokoa nafasi, na mwezi Februari, joto likiwa limepamba moto, risiva ikawa inajizima kila baada ya nusu saa. Nilimpigia fundi, akaniuliza swali moja tu, nikaona aibu. Sasa ina nafasi ya kiganja kizima juu yake.

Spika za nyuma bado sijanunua. Vipindi vingi tunavyotazama huja na njia mbili tu, na risiva huitoa sauti ya katikati humohumo kwa kutumia Pro Logic II, mfumo unaotandaza njia mbili kwenye spika zaidi, hivyo sina haraka. Nyaya zake nimekwisha kuzipitisha chini ya zulia mpaka nyuma ya kochi, na ncha zake nimezifunga kwa tepu nyeusi.