Mtambo wa mezani wa kudhibiti kina cha maji kwa mkono: unafaa kununuliwa?

Wakufunzi wenzangu wanaulizia mtambo huu mara kwa mara, basi niuseme kama ninavyoujua kwenye maabara yetu hapa Tanga. Ninaupenda, ingawa una mambo mawili yanayoniudhi.

Ni tangi la plastiki angavu, kipenyo sentimita 30, urefu 40. Chini yake kuna ndoo kubwa ya kuhifadhi maji na pampu ndogo. Maji yanapanda, yanapita kwenye rotamita (mrija wa kupimia lita zinazopita kwa dakika), yanamwagika tangini, kisha yanatoka kwa uzito wake kupitia valvu ya chini na kurudi kwenye ndoo. Hakuna kompyuta. Ni macho, mkono na rula iliyobandikwa ubavuni.

Utamu uko kwenye hiyo valvu ya chini. Ni ya kuzungusha, laini, robo mzunguko tu unaona tofauti. Weka lita 4 kwa dakika, irekebishe mpaka kina kitulie sentimita 10. Halafu ongeza maji yafike lita 6, valvu ya chini usiiguse. Waulize vijana kina kitafika wapi. Wengi watasema 15. Kinapanda, kinapita 15, kinapita 20, kinakuja kutulia kwenye 22 na nusu hivi, kwa sababu mtoko unafuata kipeuo cha pili cha kina: mtoko mara moja na nusu unataka kina mara mbili na robo. Ukitaka lita 8 zipite pale pale, utahitaji sentimita 40, yaani tangi zima.

Na hapo katikati ndipo wanapojifunza kazi. Kutulia kunachukua zaidi ya robo saa. Mwenye pupa anafungua valvu ya chini ili akirudishe kina kwenye alama, kinashuka kuipita, anaibana, kinapanda tena. "Mwalimu, mbona haitulii?" Iache kwanza, mwanangu. Guso dogo, kisha subiri. Kijana atakayeajiriwa kesho kwenye kiwanda cha maziwa au cha saruji anahitaji sana subira hiyo, hata kama huko atakuta mitambo inayojiendesha. Umeme ukicheza, rotamita nayo inashuka, na mimi huwa siwaambii. Nawaacha wagundue wenyewe kwamba kilichobadilika ni maji yanayoingia.

Sasa kasoro. Valvu ya juu, ile ya maji yanayoingia, ni koki ya mkono ya kugeuza robo mzunguko. Hiyo ni ya kufungua na kufunga, si ya kupimia maji. Ukiigusa kidogo tu, lita zinaruka kutoka 4 hadi 7. Sisi tumeing'oa tukaweka ya kuzungusha, ya nusu inchi, kutoka duka la vifaa vya mabomba Ngamiani. Fundi yeyote ataifunga.

Kasoro kubwa zaidi ni bomba la kufurikia. Nalo ni la nusu inchi, wakati pampu inatoa hadi lita 10 kwa dakika. Valvu ya chini ikifungwa kabisa, bomba hilo linazidiwa na maji yanamwagika mezani, karibu na swichi ya pampu. Kwa kifaa cha wanafunzi hili halikubaliki. Mwambieni muuzaji aweke bomba la inchi moja kabla hamjalipa, na swichi ihamishiwe ukutani.

Wakati wa masika maji ya Mto Zigi huja na udongo. Funga chujio kabla ya rotamita, la sivyo kielea chake, kile kinachopanda na kushuka ndani, kitanata na vipimo vitawadanganya.