Siku Saba Nyuma ya Sonamarg: Tathmini ya Safari ya Maziwa ya Kashmir

Anayefika Sonamarg, mji mdogo wa milimani katika Kashmir ya India, asubuhi kwa gari la kukodi kutoka Srinagar, mji mkubwa wa Kashmir, akapanda farasi hadi kwenye barafu ya Thajiwas, akala chakula cha mchana na kurudi mjini kabla ya magharibi, huondoka akiamini kwamba ameiona Sonamarg. Kwa maoni yangu ameuona mlango tu. Kilichonifanya niandike tathmini hii kiko nyuma ya mlango huo: safari ya miguu ya takriban kilomita 70 inayoanzia Sonamarg na kuishia Naranag, ambayo mawakala huiita safari ya Maziwa Makuu ya Kashmir, na ambayo mimi na mdogo wangu wa kiume, anayesoma chuo huko Punjab, tuliifanya kwa siku saba mwezi Agosti 2024. Mlima na watu waliotupandisha ninawapa nyota tano kati ya tano. Ofisi iliyotuuzia safari ninaipa mbili, na sababu nitazieleza.

Msomaji wa kwetu akisikia Maziwa Makuu huwaza Viktoria na Tanganyika, kwa hiyo ni vema ajue mapema kwamba haya ni ya namna nyingine kabisa. Ni maziwa madogo ya juu milimani, yaliyochimbwa na barafu ya kale iliyoukwangua mwamba na kuacha mabakuli ambayo sasa hujazwa na theluji inayoyeyuka. Katika lugha ya Kikashmiri neno la ziwa ni *sar*, ndiyo maana majina yanafuatana kama mashairi: Vishansar, Krishansar, Gadsar ambalo ni ziwa la samaki, Satsar ambayo ni maziwa saba. Gangabal na Nundkol huja mwishoni, chini ya mlima Harmukh wenye urefu wa mita 5,142.

Sonamarg yenyewe iko kiasi cha kilomita 80 kutoka Srinagar, katika barabara inayopanda hadi kipito cha Zoji La, yaani njia ya kuvukia safu ya milima, na kuendelea hadi eneo jirani la Ladakh. Jina lake maana yake ni malisho ya dhahabu. Sisi tulipita barabara ya zamani ya Gagangir, ambako maporomoko ya theluji yalikuwa yakiifunga njia kila majira ya baridi. Tangu tarehe 13 Januari 2025 handaki la kilomita 6.5 limefunguliwa, na Sonamarg sasa hufikika mwaka mzima. Kwa anayekwenda kwenye maziwa hilo halibadilishi msimu, kwa sababu vipito vya juu hupitika vizuri kati ya Julai na katikati ya Septemba tu. Miezi hiyo sehemu kubwa ya India huwa inalowa mvua za masika yao, lakini safu ya milima ya Pir Panjal iliyo kusini mwa bonde la Kashmir huzuia mawingu mengi, na Kashmir hupata manyunyu badala ya gharika. Tulinyeshewa mara mbili tu.

Thajiwas sitaikalia sana. Ni mahali pazuri penye watu wengi mno, na wenye farasi hukuzunguka kabla hujafunga mlango wa gari. Kubaliana bei na kituo cha mwisho kabla hujapanda, au nenda kwa miguu, kwa maana si mbali.

Tulilipa rupia 17,000 kila mmoja, kiasi kilichojumuisha mwongozaji, mpishi, farasi wa mizigo, mahema, chakula na vibali. Makubaliano ya maandishi yalitaja siku moja ya kupumzika Vishansar, na hapo ndipo kisa chote kilipolala. Siku ya kwanza tulipanda kutoka bondeni, tukapita misonobari na kisha mibetula yenye magome meupe, tukalala Nichnai. Siku ya pili tulivuka kipito cha Nichnai, kilicho juu kidogo ya mita 4,000, tukateremka hadi Vishansar, karibu mita 3,700. Yaani katika siku mbili tulikuwa tumepanda na kulala mita elfu moja juu zaidi ya Sonamarg, na Sonamarg yenyewe iko mita elfu moja na ushei juu ya Srinagar. Mimi nimekulia Moshi, ambako neno "pole pole" si salamu ya watalii bali ni kanuni iliyookoa maisha ya watu wengi, na mwendo huo ulinitia wasiwasi tangu mwanzo, kwa maana kupanda haraka mno huleta ugonjwa wa mwinuko.

Usiku ule mdogo wangu aliumwa kichwa, akakataa chakula, na asubuhi akawa anajibu maswali kwa kuchelewa. Ofisi ilikuwa imeshampa mwongozaji maagizo kwamba siku ya mapumziko imefutwa, kwa kuwa farasi walewale walikuwa wanasubiriwa na kundi lingine. Mwongozaji wetu, mtu wa makamo kutoka vijiji vya bonde la Sindh, mto unaopita Sonamarg, alimtazama kijana machoni, akamtembeza hatua ishirini kwenye mstari ulionyooka, kisha akamwambia mpishi aongeze maji jikoni. "Leo hatuendi, dada," aliniambia kwa Kiingereza chake cha taratibu. "Kama hali yake ikizidi hadi saa sita, tunarudi chini. Farasi watasubiri." Hakukuwa na mtandao wa simu wa kuomba ruhusa kwa yeyote, na hakuonyesha kuihitaji. Kijana alilala, akanywa maji na supu ya dengu, na kufikia alasiri alikuwa ameketi nje akiwatazama wavuvi wawili wakitupa ndoano. Ziwa hilo lina samaki aina ya trauti.

Siku hiyo tuliyokaribia kunyang'anywa ndiyo iliyonipa nafasi ya kulijua ziwa. Asubuhi Vishansar ni la kijani kibichi kama chupa, saa sita hugeuka samawati, na upepo wa alasiri ukianza hupoteza rangi zote na kuwa bati. Nilipanda peke yangu hadi Krishansar, lililo juu yake kidogo, ambalo hulimwagia maji Vishansar, na kutoka hapo maji yanaelekea kaskazini kuwa mto Kishanganga, ambao upande wa Pakistani huitwa Neelum. Yule anayepita bila kusimama hupiga picha moja na kuondoka na rangi moja.

Kesho yake tulivuka kipito cha Gadsar, kilicho juu kuliko vyote katika njia hii, takriban mita 4,200. Njia ni nyembamba na inakwenda kwa zigizaga juu ya Krishansar, na kwa asiyependa kutazama chini itakuwa saa mbili ngumu. Ukifika juu, geuka nyuma kabla ya kutazama mbele: Vishansar na Krishansar yanaonekana pamoja, moja juu ya lingine. Mbele kuna mteremko mrefu wa maua ya kondeni, ya manjano, zambarau na waridi, yanayokufika magotini mahali pengine, na mwisho wake ni Gadsar, ziwa lililoegemea ukuta wa mwamba ambao hata Agosti ulikuwa na mabaki ya theluji yaliyogusa maji. Nimepanda Kilimanjaro mara mbili, na ninasema bila kuuvunjia heshima mlima wangu kwamba huko kilele ndicho kinachokuvuta, na njia ni kazi ya kukifikia. Hapa hakuna kilele unachokwenda kukishika. Kila saa ya njia inajitegemea, na ndiyo sababu mwendo wa haraka unaharibu bidhaa yenyewe uliyolipia.

Baada ya Gadsar kuna kituo cha jeshi, kwa sababu mpaka wa usitishaji mapigano kati ya India na Pakistani hauko mbali. Askari walikagua pasipoti na vibali, wakaandika majina yetu kwenye daftari, wakatutakia safari njema. Kuwa na pasipoti yako halisi pamoja na nakala kadhaa, na uulize mapema kama jina lako limo kwenye kibali cha kundi.

Chakula kilinishangaza kwa uzuri. Mpishi alikuwa na majiko mawili ya gesi ndani ya hema, na kutoka humo alitupatia wali kwa maharage, chapati, dengu, viazi, mboga za majani, na siku mbili nyama ya kondoo. Wenyeji wengi ni Waislamu, kwa hiyo msomaji anayejali uhalali wa nyama hatapata shida. Alfajiri tulipewa *noon chai*, chai ya rangi ya waridi yenye chumvi na magadi inayopikwa muda mrefu. Nilihitaji siku tatu kuizoea na ya nne nikaiomba mwenyewe. Jioni ilikuwa *kahwa*, na watu wa pwani wasidanganywe na jina: haina kahawa, bali ni chai ya kijani iliyotiwa zafarani, iliki na lozi zilizopondwa.

Mahema yalikuwa imara. Mabegi ya kulalia hayakutosha baridi ya Gadsar, nami nililala na makoti yote mawili. Hilo ni kosa la ofisi, wala si la waliobeba.

Njiani tulipita mara nyingi kambi za Wabakarwal, wafugaji wanaopandisha kondoo na mbuzi wao huku juu kiangazi na kuteremka nyanda za Jammu majira ya baridi. Mbwa wao ni wakubwa na hawapendi wageni. Simama, ngoja mwenyewe aite. Nilisikitika kuona karibu na baadhi ya kambi za watalii, hasa Vishansar, pakiti za tambi na chupa za plastiki zilizosukumwa chini ya mawe. Malisho hayo ni ya watu, na mifugo yao hula hapo. Mwongozaji wetu alikuwa na gunia la taka juu ya farasi wa mwisho na alirudi nalo Naranag. Muulize wako kama analo kabla hujamlipa.

Kutoka Satsar hadi kipito cha Zaj kuna mawe makubwa ya kurukaruka kwa muda mrefu, kisha unaona Gangabal na Nundkol chini ya Harmukh. Gangabal ni takatifu kwa Wahindu wa Kashmir, ambao kwa karne nyingi wameleta hapa majivu ya wafu wao. Tulikaa kimya upande wetu wa ufuko.

Tuliporudi Srinagar, ofisi ilitutaka tulipie siku ya Vishansar kama "siku ya ziada", ingawa ilikuwa imeandikwa kwenye makubaliano yetu. Nilikataa, nikawaonyesha karatasi, na baada ya mabishano marefu wakaachana nalo. Nilichowaomba waahidi ni kwamba mwongozaji hatakatwa mshahara wake, na hilo hawakulijibu. Ndiyo sababu ya nyota mbili. Nikirudi nitatafuta wenyeji wa bonde moja kwa moja, nitahakikisha siku ya mapumziko imeandikwa kwa namba yake, na nitalala usiku mbili Sonamarg kwanza.

Baada ya shambulio la Aprili 2025 karibu na Pahalgam, lililoua watu 26, serikali ilifunga kwa muda maeneo mengi ya utalii Kashmir, hivyo usilipe chochote kabla ya kuthibitisha kwamba vibali vya njia hii vinatolewa. Laini ya simu ya kulipia kabla iliyosajiliwa mkoa mwingine wa India haifanyi kazi huko. Mdogo wangu alilijua hilo, akanunua ya Srinagar, ingawa baada ya Sonamarg hakuna iliyoshika.

Siku ya mwisho ni mteremko wa zaidi ya mita 1,000 ndani ya misonobari hadi Naranag, na kwa magoti ilikuwa siku ngumu kuliko kipito chochote. Chukua fimbo mbili. Pale chini kuna magofu ya mahekalu ya mawe ya karne ya 8, na kando yake duka la mikate ya tanuri. Mwongozaji alinunua mikate sita, akampa mdogo wangu mkate wa kwanza, akamuuliza kichwa kinaendeleaje.