Uandike kwenye mtandao wa watu wengine au ununue blogu yako? Nimezipanga njia nne hapa

Watu wengi wakitaka kuanza kuandika mtandaoni wanauliza kwanza ipi inalipa. Mi naona ungeanza na hili, siku mwenye mtandao akiamua kufunga, we unabaki na nini? Maana wanafunga kweli. Geocities, mtandao wa watu kutengenezea kurasa zao, ilifungwa na Yahoo 2009, Yahoo haohao wakanunua Associated Content, mtandao wa makala, 2010, wakaipa jina la Yahoo Voices, afu 2014 wakaifunga nayo, na mwaka huohuo Squidoo, nayo ya makala, ikamezwa na mwenzake HubPages. Mtu kaandika humo miaka, linki alizosambaza kote zinakufa kwa siku moja. Kwahiyo hapa nimepanga kwa kuangalia nani anamiliki, bei inafuata.

1. Domeini yako (yaani jina la anwani ya blogu) juu ya Blogger

Kama ndo unaanza na hela ni ya mawazo, nunua hii, wala usizunguke. Blogger ni mtandao wa kutengenezea blogu bure, upo tangu 1999, Google wakaichukua 2003, kuhifadhi makala hulipii kitu, unachonunua ni jina tu. Jina la .com ni kama dola 10 hadi 15 kwa mwaka, au chukua .co.tz kwa wasajili wa hapahapa nyumbani, wapo wanaopokea malipo ya simu. Na asikwambie mtu Blogger ni ya watoto, blogu ya Issa Michuzi ilianzia hukohuko Blogspot (anwani za bure za Blogger) 2005 na Watanzania wa ughaibuni walikuwa wanafungulia siku nayo.

Ila jamani, jina lisajiliwe kwa imeili YAKO na nywila uwe nayo wewe, sio fundi aliyekuwekea templeti (muonekano wa blogu), maana fundi akizima simu siku ya kulipia mwaka mpya jina linaisha muda, mtu mwingine analichukua na huna pa kulalamika. Pia shusha bakapu kila mwezi, ipo kwenye mipangilio, ni kubonyeza tu. Hata Google wakija kuifunga Blogger, jina unalielekeza kwingine na wasomaji wanakukuta palepale.

2. WordPress na hostingi ya kulipia

Hii ni ya mtu ambaye tayari ana wasomaji. Programu yenyewe ya kuendeshea blogu ni bure, unalipia hostingi, yaani nafasi ya kuhifadhia blogu mtandaoni, na hapo ndo watu wanapigwa: tangazo linakuonyesha bei ya mwaka wa kwanza, mwaka wa pili inaruka mara mbili au zaidi. Uliza bei ya kulipia upya kabla hujatoa hata shilingi. Afu usiichanganye na WordPress.com ya bure, ile inakupa jina lenye mkia wao na matangazo yao juu ya makala yako.

3. Substack

Huu ni mtandao wa kutuma makala kwa imeili za wasomaji. Nzuri kwa sababu orodha ya imeili za wasomaji unaweza kuishusha ukaondoka nayo. Ukitaka wasomaji walipie, wao wanakata asilimia 10, na malipo yanapitia Stripe, kampuni ya kupokea malipo mtandaoni, ambayo Tanzania haifungui akaunti, kwahiyo kwa aliyeko Dar au Mwanza ichukulie kama barua ya bure tu.

4. Medium

Ni mtandao wa makala ambapo kila mtu anaandika chini ya jina lao, ulianzishwa 2012 na Evan Williams, mmojawapo wa waliotengeneza Blogger. Wasomaji wapo tayari, ila wengi wanasoma Kiingereza, na makala ukiifungia kwa wanachama, asiyelipa dola 5 kwa mwezi anakatiwa njiani. Kwa anayeandika Kiswahili naiweka mwisho bila kusita. Itumie hivi: chapisha kwako kwanza, afu ingiza makala Medium kwa kile kifaa chao cha kuhamishia, kinaandika chenyewe kwamba asili iko kwako, Google inajua mwenye mali ni nani.

Kwa mlioko Tanzania kuna gharama moja haionekani kwenye tangazo la hostingi, leseni. Kanuni za maudhui mtandaoni za 2018 ziliwatoza wenye blogu laki moja ya maombi, milioni moja ya leseni na milioni moja kila mwaka, ikafika hadi JamiiForums, jukwaa la mijadala la Watanzania, kuzima kwa muda Juni ile. Aina za leseni na ada zimeshabadilishwa tangu hapo, kwahiyo waulize TCRA (mamlaka ya mawasiliano Tanzania) wenyewe unachotaka kuandika kinaangukia wapi, hasa kama ni habari, na uulize kabla hujalipia jina.