Kozi ya saa moja ya upendeleo fiche: inastahili kununuliwa?

Kampuni kubwa ikianza kuzungumzia ujumuishi kazini, mara nyingi kitu cha kwanza kununua ni kozi ya mtandaoni ya upendeleo fiche, yaani kumpendelea au kumbagua mtu bila wewe mwenyewe kujitambua. Huuzwa kwa leseni, moja kwa kila mfanyakazi. Ndani yake mna video fupi, maswali ya kuchagua jibu, na cheti mwishoni. Zinafanana mno, ukiiona moja, hizo nyingine huna haja ya kuzimaliza.

Kinachovutia zaidi ni sehemu ya ajira. Nyingi hutumia utafiti uliochapishwa 2004, ambapo wasifu karibu 5,000 zilitumwa kwa waajiri wa Boston na Chicago, sifa zikifanana na majina yakitofautiana. Mwenye jina lililosikika kuwa la Mzungu alihitaji kutuma takriban 10 ili apigiwe simu mara moja. Mwenye jina la Mmarekani Mweusi, takriban 15. Hapo kozi inafundisha kweli, maana inaonyesha uamuzi ulivyofanyika, haichimbi moyo wa mtu.

Baada ya hapo inaharibu. Inakuletea jaribio la kubonyeza vitufe haraka, lile lililotambulishwa 1998, linalopima kasi yako ya kuoanisha sura na maneno. Mtu yuleyule akilirudia wiki ijayo anaweza kupata alama tofauti kabisa, kwa hiyo halifai kumpima mtu mmoja mmoja. Lakini mfanyakazi anapewa alama yake ya upendeleo kana kwamba ni majibu ya maabara, kisha anakasirika au anajitetea. Mkufunzi wa mtandaoni hayupo kumjibu.

Je, tabia hubadilika? Utafiti wa 2019 uliohusisha wafanyakazi zaidi ya 3,000 wa kampuni moja ya kimataifa ulipima kozi ya saa moja ya aina hii. Mitazamo ya baadhi yao ilisogea. Matendo hayakusogea sana. Kulazimisha nako kuna gharama: wanasosholojia Frank Dobbin na Alexandra Kalev, waliochunguza kampuni zaidi ya 800 za Marekani, walikuta kwamba miaka 5 baada ya mameneja kulazimishwa mafunzo, uwiano wa wanawake Weusi katika umeneja ulikuwa umeshuka kwa wastani wa asilimia 9.

Kabla ya kulipa, ijaribu kozi yenyewe. Weka kipanya pembeni uipitie kwa kibodi tu, kisha zima sauti usome manukuu. Ikikwama kwenye maswali ya kuburuta na kudondosha, mfanyakazi asiyeona hataimaliza, na jina lake litabaki kwenye orodha ya wasiotii. Kozi ya ujumuishi inayomfungia mtu nje! Irudishe.

Muuzaji akija, mwulize anatoa nini cha kutumika kwenye usaili siku inayofuata. Kinachotakiwa ni fomu: maswali yaleyale kwa kila mwombaji, kwa mpangilio uleule, alama 1 hadi 5, na maelezo ya jibu la 1, la 3 na la 5 linavyokuwa. Kila mjumbe wa jopo aandike alama zake kabla ya majadiliano, na mkubwa wao aseme mwisho. Akitangulia yeye, wengine hufuta na kuandika upya. Hapo fomu imekufa. Kuficha majina kwenye wasifu kunasaidia hatua ya mchujo, ila watu husahau anwani ya barua pepe, ambayo mara nyingi ina jina lote.

Asipokuwa na fomu hiyo, nampa nyota 2 kati ya 5, zote kwa ajili ya ule mfano wa majina. Akiwa nayo, omba akuuzie fomu na saa mbili za kuwafundisha wajumbe wa jopo kuitumia. Leseni za wafanyakazi wengine wote zinaweza kungoja.